Landrova ya Muheza na Mdomo wa Mtani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho siioni, naisikia. Ni siku tuliyokaa kibarazani kwa fundi Mosesi, kule Likombe, Mtwara mjini, watu wazima tumeinamia redio kaseti, tunasikiliza mlio wa gari lililokuwa Muheza, mkoa wa Tanga. Gari kule, sisi huku, na kati yetu barabara ambayo masika yakifika inageuka jaruba la mpunga. Ilikuwa miaka ya tisini, kabla simu hazijaanza kutambaa mifukoni mwa watu.

Nakuandikia haya kwa sababu nimesikia siku hizi mnakwenda mjini kwenye duka la kompyuta, mnaoneshwa gari liko Japani, linang'aa, na mtu anaanza kuuliza bei kabla hajauliza afya. Mimi shule nilitoka kabla sijaijua hesabu ya kugawanya, kwa hiyo ya kompyuta siyasemi. Nasema ya kununua kitu usichokishika, na hayo yalinipata.

Nilipokuwa mdogo pale kijijini Mahurunga, bwana shamba wa kituo cha kilimo cha Naliendele alikuwa akija na landrova kukagua mikorosho. Ile ya zamani, mwanangu, yenye sura ya sanduku na taa zimekaribiana kama macho ya mtu anayekuchunguza. Wenzangu walikimbilia kuangalia dawa za mikorosho, mimi nalala chini kuangalia tumbo la gari. Nilitaka kujua, hicho kinachozunguka kinazungushwa na nini? Na hicho je? Mama alinichapa kwa kuchafua kanzu, lakini udadisi hautoki kwa fimbo. Nikakua nao, nikaoa nao.

Sasa, baba mkwe wangu, Mzee Athumani, alikuwa mmoja wa watu wetu waliokwenda Tanga zamani kukata mkonge wakaota mizizi huko huko. Siku moja mtu wa Muheza alipita Mtwara na picha. Landrova ya rangi ya majani mabichi, imeoshwa, imesimamishwa mbele ya ukuta wenye maua. Mwenye gari alikuwa mstaafu wa shamba la mkonge, analiuza. Moyo wangu uliruka, nikajiona nabeba watu na korosho kutoka Mahurunga hadi mjini, maana kwetu mgonjwa wa masika alibebwa kwa machela hadi barabara kubwa. Fedha sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni shamba la ukoo, na mikorosho ya ukoo inaweza kuwekwa rehani kwa tajiri: anakupa fedha, anavuna yeye mpaka umlipe. Wengi waliweka hivyo, na wengi mpaka leo wanaiona mikorosho yao kwa kupita njiani tu.

Kwetu Wamakonde mwenye neno juu ya mali kama hiyo ni mjomba. Nikampelekea Mjomba Hamisi ile picha. Akaitazama, akaigeuza nyuma, akakuta karatasi nyeupe.

"Mgongo wake uko wapi?" akauliza.

"Mjomba, hiyo ni picha."

"Najua ni picha. Nakuuliza mgongo. Wapwa zangu wote wanakula kwenye mikorosho ile, wewe unataka niitoe kwa ajili ya uso?"

Nikamjibu kwa majivuno kwamba nimeshamtuma mtu mzima mwenye akili alikague. Na kweli nilikuwa nimemwandikia baba mkwe, na majibu yake nilikuwa nayo mfukoni, nikamsomea. Mzee Athumani aliandika kwamba gari amelifikia, ni gari lenye heshima yake, mwenyewe ni mtu mstaarabu, alimkaribisha chai ya maziwa, na kwamba kama mwanawe ameshalipenda, basi yeye ni nani hata aseme vingine.

Mjomba akacheka mpaka akashika mbavu.

"Umemtuma mkwe? Saidi mpwa wangu, mkwe wako akikukuta na makamasi anaweza kukuambia ujifute?"

"Hawezi."

"Wewe ukimkuta msuli umemlegea unaweza kumwambia?"

"Mungu apishe mbali!"

"Sasa atakuambiaje kwamba ulichokipenda ni kibovu?"

Mwanangu, nilihisi kama nimemwagiwa maji. Nilimchagua Mzee Athumani kwa sababu yuko karibu na gari na ni mwaminifu. Yote mawili kweli. Lakini uaminifu wake nilikuwa nimeufunga kamba mwenyewe, kamba ya ukwe.

Zilipita siku chache, tukawa tumekaa na mjomba kwenye genge la kahawa pale Likombe, akatokea Komba. Huyu Komba ni Mngoni, alizaliwa hapa hapa Mtwara, baba yake alikuwa kuli wa bandari. Yeye aliuza mitumba huko Muheza, alikuja kumsalimia mama yake. Nawe unajua Wangoni na sisi. Babu zao walikuja kuteka, babu zetu wakajificha, na kilichobaki leo ni utani. Mtani atakunyang'anya kofia kichwani na huna pa kumshitaki. Ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kushika jembe la kaburi, na huku analia kwa kejeli kwamba marehemu alikuwa mchoyo wa ugali.

Hata salamu hakutoa vizuri. "Mateka wangu Saidi! Hiyo shati umeivua kwa nani? Mwambie aliyekufa nayo aje Muheza nimpe nyingine."

Genge zima likacheka. Mjomba akaweka kikombe chini. "Huyu," akasema. "Huyu ndiye macho yako."

Nikabisha. Komba hajui gari, hata baiskeli hana. Mjomba akasema anayejua gari tunaye, fundi Mosesi, lakini fundi hawezi kusafiri. Basi fundi atoe maswali, Komba atoe macho na mdomo. Tukaenda kwa fundi. Fundi alipenda mpango ule kama mtoto aliyepewa kitendawili. Akamfundisha Komba mbele ya gari jingine bovu lililokuwa pale uani. Fika asubuhi bila kuarifu, ushike boneti kama ni la baridi, maana muuzaji akiliwasha kabla hujafika ameshaficha ugonjwa. Tazama rangi ya moshi. Lala chini. Akamng'olea sumaku kutoka kwenye spika mbovu akampa.

"Bodi ya landrova hiyo sumaku haitashika, usishangae, ni bati la jamii ya sufuria. Lakini chesisi, hii fremu ya chini iliyobeba kila kitu, ni chuma. Pitisha sumaku mwanzo hadi mwisho. Ikianguka, hapo pana jambo."

Komba akaitia mfukoni. "Na nikikuta ni zuri?"

"Useme ni zuri," nikamwambia.

"Hapo ndipo utakaponiua," akasema. "Kumsifia Mmakonde kitu chake, nitarudije kwa wenzangu?"

Aliondoka na meli. Kuandika alikuwa mvivu, lakini alikuwa na redio kaseti ya kuitia wateja kwenye mitumba, na ikawa wazo lake mwenyewe: badala ya barua akaleta sauti. Kaseti ilifika mkononi mwa baharia, imeviringishwa kwenye soksi moja. Betri za fundi zilikuwa zimechoka, tukaziweka juani kwanza, zikapata roho. Na majirani nao wakapata habari, wakaja. Nani asingekuja? Ulishawahi kusikia gari la Tanga likinguruma Likombe?

Ikaanza: "Haloo, haloo. Saidi mateka, unanisikia, au masikio yako ni ya kuzuia kofia tu? Niko uani kwa mzee wa watu. Boneti limepoa. Nimefungua mlango, umefunguka, nimeufunga, umekataa. Kiti kimechanika, ndani yake panya amejifungua, hongera, umepata wajukuu. Juu sumaku haishiki, kweli wamepika gari kwenye sufuria. Sasa nalala chini, na suruali yangu mtanifulia."

Halafu hatukusikia maneno. Tulisikia chuma kikigongwa kwa spana. *Ngi. Ngi. Ngi.* Komba aliona sumaku peke yake haitoshi, akagonga na kinasa sauti kikiwa kando yake, hilo hakufundishwa na mtu. *Ngi. Ngi.* Kisha: *bup.*

Fundi Mosesi akainua mkono, tukanyamaza wote, hata kuku nadhani.

*Bup. Bup. Ngi.*

"Sumaku imeanguka," ikasema sauti ya Komba, na safari hii haikuwa na kicheko. "Saidi, hapa nyuma ya gurudumu la kulia si chuma. Nimekwangua rangi kwa ukucha. Ni saruji. Kuna na kipande cha mti kimechomekwa. Naona mwisho wake."

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali ile nimeisikia tangu sijaota meno, sikujua kama kuna siku nitaisikia ikigongwa kwa spana. Nikawaza mikorosho iko kwa tajiri, watoto wa dada zangu wanapita njiani wanaitazama, na mimi nimekaa kwenye gari lililokatika mgongo katikati ya Mahurunga.

Lakini kaseti haikuwa imekwisha. Komba akamwambia mwenye gari aliwashe. Injini ikakohoa mara mbili, ikaitikia, ikakaa. Mwanangu! Mlio ule ulikuwa mzito, umepangika, kama wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja bila kugongana. Fundi alisogeza sikio mpaka likagusa redio. Akarudisha kaseti nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha tena, mpaka mjomba akamuuliza kama anataka kuiposa.

"Injini hiyo nzima," akasema fundi.

"Na mgongo?" akauliza mjomba.

"Umeoza kipande. Lakini chesisi hubadilishwa. Jirani yangu anayo moja imelala nyuma ya nyumba, kuku wanataga juu yake."

Hapo nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia. Mimi nilidhani ukaguzi una majibu mawili, chukua au acha. Mjomba Hamisi, ambaye hajapata kushika usukani, aliuliza maswali mpaka jua likahama ukuta: kipande kilichooza kinafika wapi, injini ile huhamishwaje, kuku wa jirani wana kiasi gani cha haki. Mwisho akasema, "Sasa ninalijua. Nililikataa kwa sababu nilikuwa silijui. Rehani siitaki. Subiri mavuno, ununue kwa korosho zako."

"Mjomba, litanunuliwa na mwingine."

Halikununuliwa. Tulikuwa tumesahau kumwambia Komba afunge mdomo, na ungemwambia angeufungia wapi? Kila mteja wa mitumba pale sokoni Muheza alipata kisa cha gari la saruji. Yule mstaafu, ambaye naye aliuziwa hivyo hivyo bila kujua, aliona aibu, akatuma salamu kwamba anashusha bei sana kuliko mara ya kwanza. Tulivuna, tukanunua. Wa kwenda kukabidhi malipo mbele ya mashahidi, mjomba aliagiza awe Mzee Athumani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi inayolingana na mkwe: aende amevaa kanzu, aheshimiwe, aitwe mzee.

Gari likaja na meli. Komba alikuwa juu yake, kiti cha mbele, akasema hiyo ni ngawira na hashuki mpaka alishwe. Alipolishwa akashuka, na fundi Mosesi akalihamishia gari kwenye ile chesisi ya kuku.

Mwaka uliofuata Mzee Athumani alitutembelea. Kwa ada yetu hakunisemesha moja kwa moja. Alikaa upande wake wa kibaraza, mimi upande wangu nimetazama chini, akamwambia mke wangu, "Mwanangu, mwambie mume wako kwamba mimi lile gari nililala chini yake. Ile saruji niliiona."

Mke wangu akanitazama. Mzee akaendelea, taratibu, kama anayetua mzigo. "Niliandika barua nikaichana. Nikaandika nyingine nikaichana. Ningesemaje? Kwamba mkwe wangu hana macho? Usingizi sikuupata mpaka niliposikia Mngoni yule anatangaza sokoni. Siku hiyo nilimnunulia shati."

Nilimwambia mke wangu amwambie baba kwamba kosa lilikuwa la aliyetuma.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, mwanangu. Kitu cha kale kilicho mbali usikinunue kwa uso wake, tafuta macho ya kukuonea. Na unapotafuta macho, usitazame tu nani yuko karibu na kitu, wala nani anakupenda. Tazama nani ana mdomo uliofunguliwa juu yako. Anayekuheshimu sana usimpe kazi ya kukuvunja moyo, utamtesa bure, naye ataona na atanyamaza. Mficha uchi hazai, lakini wapo ambao wewe mwenyewe umewakataza kukuonesha uchi. Mwenye ujuzi mwombe maswali ya kuuliza, mwenye mdomo mwombe majibu. Na ukiambiwa ubovu, usikimbie hapo hapo, uliza unafika wapi. Kukagua si kukataa. Ni kujua unakaribisha nini nyumbani kwako.

Hayo ya Japani sijui mtampata wapi mtani wa huko, lakini mtafuteni, hakosi.

Mwenyezi Mungu akupe macho yasiyopumbazwa na rangi, akupe watu wa kukuambia kweli na kifua cha kuisikia. Safari zako zikufikishe, na atakayekungoja mwisho wa njia awe mzima. Amina.