Kombe la Maneno Ishirini na Manne

Najua utasema nimeitunga. Sema tu. Hata dada yangu aliyeolewa Mkwiro alisema hivyo, na yeye amenyonya ziwa moja nami. Lakini mtu hatungi jambo lililomla mwenyewe. Ningekuwa natunga ningejipa mwisho mzuri, au sivyo?

Mimi ni fundi wa simu. Kibanda changu kiko Ukunda, nyuma ya Kona ya Musa, na ndiyo, ni mwanamke, na wanaoingia wakaniuliza fundi yuko wapi huwa nawaongezea bei kidogo. Wateja wangu wengi ni wa hapa hapa, lakini wako pia wageni wanaokaa Diani miezi na miezi wakifanya kazi zao kwenye kompyuta. Hao ndio walioniingiza. Walinilipa kwa sarafu za mtandaoni, nami sikuzigusa. Zikawa zapanda, zashuka, zapanda tena, hadi siku moja nikatazama nikaona zinakaribia bei ya shamba.

Na shamba nililolitaka si shamba lolote. Baba yangu amezikwa Msambweni, kwenye kishamba chetu cha minazi, na arobaini yake haijapoa ami yangu akakiuza, minazi na kaburi pamoja. Mama alilia mpaka macho yakavimba. Tukahamia Waa kwa jamaa zake. Aliyenunua si mtu mbaya. Nilimfuata, akaniambia nikimletea pesa yake kabla hajaanza kujenga atanirudishia. Basi nikabaki na haja moja tu duniani: mama akifika wakati wake, alazwe ubavuni mwa mumewe. Kila jioni nikirudi kazini aliniuliza, "Mwanangu, zimefika?" Nami namwambia zimekaribia.

Pesa kama hizo haziachwi kwenye simu. Mimi nafungua simu za watu kila siku, nazijua aibu zake. Nikaagiza kidude kidogo kama flashi, chenye kioo chembamba na vitufe viwili. Wenyewe wanakiita pochi, ingawa hakina pesa ndani. Kinachokaa ndani yake ni ufunguo. Kinafunguka kwa namba ya siri, na ukikosea mara tatu kinajifuta chote. Kwenye simu kuna programu yake, nayo ni dirisha tu: utaziona pesa zako, utaziona zikipanda, lakini bila kidude hutoi hata thumni. Na kidude kikifa? Ndipo panapotakiwa maneno. Siku ya kwanza kinakupa maneno ishirini na manne ya Kiingereza, kwa mpangilio wake. Ukiwa nayo, unanunua kidude kingine, unayaingiza, kila kitu kinarudi. Usiyapige picha, usiyaweke kwenye simu, usimwambie mtu. Yaandike kwenye karatasi, uifiche.

Haya, hebu njoo Waa ufiche karatasi. Niliitia kwenye sanduku la kanga, chini kabisa, na Ijumaa moja asubuhi nilipoitazama nikakuta mchwa wameshakula pembe moja. Maneno yalikuwa mazima bado. Hata hivyo nikaikunja nikaenda nayo kazini, nikaiweka chini ya sinia ya bisibisi huku nikifikiria pa kuipeleka.

Karibu na saa sita u nusu Kona ya Musa ikapoa. Wanaume walikuwa wamefunga maduka wakaoge wavae kanzu, na adhana ya Jumaa ilikuwa bado. Nikainua macho, mtu amesimama mlangoni akizungumza na simu. Mtu mzima, kanzu nyeupe, pindo lake limelowa maji ilhali jua la kaskazi lilikuwa linapasua. Alinukia zafarani na maji ya waridi. Nikamtolea salamu mimi, maana yeye aliyekuja hakutoa.

"Asalaam aleikum, mzee."

"Na wewe pia," akasema.

Ni nani kwetu anayejibu salamu hivyo? Lakini sikulitia maanani. Akaniwekea simu yake mezani, akasema haisikiki vizuri, yaja sauti ya mtu mwengine. Nikamtania, "Mzee, Jumaa huendi?" Akajibu kuwa amekwisha sali. "Wapi tena, na adhana haijalia?" Akacheka. Nami, mpumbavu mkubwa, nikacheka naye.

Halafu akasema, taratibu kabisa, "Hiyo uliyoiweka chini ya sinia, mchwa wameshaionja. Wataimaliza."

Utaniuliza kwa nini sikupiga ukelele. Najiuliza pia. Wallahi, lilinijia kama jambo la kawaida, kama mtu kukwambia kanga yako imefunguka. Nikamwuliza niiweke wapi basi. Akaniuliza, "Mamako alipona kwa nini, ule mwaka wa homa?"

"Kwa kombe," nikasema.

Kama hujui, kombe ni aya za Mwenyezi Mungu. Mwalimu huziandika kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Mama alikunywa akainuka. Nilipokuwa chuoni nikisoma Kurani nilinyweshwa mimi mwenyewe ili nihifadhi, na mpaka leo ninazo sura zangu. Yule mtu akaniambia kwamba kilicho ndani ya mtu hakiliwi na mchwa wala hakiibiwi. Niandike yote, na namba ya siri pia, ninywe, na karatasi niifukize isibaki nje. Mwanamke mwenye akili zake angeliuliza tangu lini kombe likaandikwa Kiingereza. Mimi niliona busara tupu! Adhana ikalia, nikageuza uso kutafuta mtandio wangu, na niliporudisha macho mlango ulikuwa mtupu. Simu yake ilibaki mezani.

Baada ya alasiri nilikuwa nyumbani. Mama alikuwa amejilaza. Nikachukua sahani yake ile ile, nikaloweka zafarani, nikaandika neno baada ya neno, na chini yake namba. Nikaosha, nikanywa. Chini ya waridi palikuwa na uchungu ambao kombe halina. Karatasi nikaitia kwenye chetezo pamoja na ubani, na mama akauliza kutoka chumbani, "Wafukiza nini, mwanangu?" Nikamwambia ni karatasi tu.

Nilikuwa nayajua maneno yale kwa moyo, uelewe. Nilikuwa nikiyarudia kila siku nikifua au nikisubiri gari. Asubuhi yake nikafungua kinywa kuyasoma, hakuna. Si kwamba nilisahau moja au mawili. Mahali yalipokuwa palikuwa pamefagiliwa. Nikakimbilia kidude, nihamishe pesa upesi, nacho kikaniuliza namba ya siri. Nikajaribu iliyonijia. Nikajaribu nyingine. Badala ya kukiweka chini nikatafakari, nikajaribu tena. Kikajifuta mbele ya macho yangu, kikanikaribisha kama mtu mpya kabisa.

Nikafungua programu. Pesa zote zilikuwepo. Tena zilikuwa zimepanda, na kwa mara ya kwanza zilitosha.

Nililia mpaka nikakosa sauti. Kisha hasira ikanishika, nikaenda kibandani nikaitwaa simu ya yule mtu niitafute namba yake, nimpate, nimrarue. Haikuwaka. Nikafungua skrubu, nikatoa kifuniko. Nimefungua simu nyingi maishani mwangu, sijaona kama ile. Ndani hamkuwa na kitu. Hamkuwa na betri, wala ubao, wala waya, ila unyevu kidogo na harufu ya zafarani. Na mimi nilimwona kwa macho yangu akizungumza nayo.

Nikamwendea mwalimu aliyemwandikia mama. Alinisikiliza, akauliza mara mbili kama yule mtu aliitikia salamu, na nilipomwambia alivyojibu alitazama chini. Akanisomea. Alikataa hata sadaka yangu, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Ijumaa iliyofuata sikwenda kazini. Wakati wa Jumaa, lile gamba la simu, nililolileta nyumbani mwenyewe, likalia mkobani. Nikalitia sikioni. Ilikuwa sauti yangu. Mimi mwenyewe, nimetulia, nasoma maneno yangu moja baada ya jingine kama mtoto wa chuo anayemsomea mwalimu. Nilikuwa na kalamu mkononi. Kila neno nililisikia, na kabla kalamu haijagusa karatasi lilikuwa limekwenda. Yakaisha, ikakata. Nikasubiri wiki nzima, ikawa vile vile. Na ningempa nani mwengine asikilize? Atakayeyasikia, pesa zote ni zake, na pesa inabadilisha hata ndugu.

Mama alijua nina jambo. Ijumaa ya tatu tangu ianze, simu ikalia nikiwa uani, na nilipoingia nilimkuta ameishika sikioni, anatabasamu.

"Ni sauti yako hii," akasema. "Wasoma Kizungu. Wasoma vizuri, mashaallah."

Nikampigia magoti hapo hapo, nikamwambia, mama, kila unachokisikia kiseme, kiseme hivyo hivyo hata kama hukijui. Mama hajui Kiingereza, lakini angenipa hata nusu ya neno ningelitafuta mpaka nilipate. Akaanza. Nikaona midomo yake inatembea. Sauti sikuisikia. Kuku uani niliwasikia, bodaboda barabarani niliisikia, mama sikumsikia. Nikamwambia endelea, endelea tu, nikimkazia macho midomo niibe umbo la neno. Ulikuwa ushenzi wangu kumwendesha mzee namna ile, lakini niliona shamba, niliona minazi yetu.

Kisha midomo ikasimama. Akaishusha simu pajani, akanitazama kama anayetafuta kitu chumbani.

"Mwanangu," akasema, na hapo nilimsikia vizuri sana, "yule baba yako, alikuwa akiitwa nani?"

Nilimnyang'anya ile simu nikaitupa ukutani. Haikuvunjika. Nikamtajia jina la baba, akalirudia kwa adabu kama jina la mtu wa mbali, na baada ya kula alikuwa ameshalisahau tena. Kwa kila neno alilonitolea, alilipa kwa lake la baba. Jina lilikwenda, uso wake ukaenda, harusi yao, miaka yao yote. Mengine yote anayo. Anajua bei ya samaki, anajua deni la jirani, anaswali kwa wakati. Ni yeye baba tu aliyetolewa, na kilichofungamana naye kinamfuata polepole.

Nimekizika kile kidude na lile gamba, kila kimoja mahali pake, na Ijumaa bado nasikia mlio chini ya udongo. Programu naiacha kwenye simu, kwa sababu sina moyo wa kuifuta. Pesa ziko. Siku nyingine zinapanda.

Basi wewe unayenisikiliza, kama una maneno yako, yaache kwenye karatasi yako, na mchwa wakila wacha wale, utalia kidogo upoe. Lakini akikujia mtu akajua ulichoficha kabla hujamwambia, mpe salamu kwanza, usikilize anajibuje. Asipoijibu sawasawa, funga duka. Usimwulize neno, na usipokee simu yake.

Mwenye shamba alinisubiri, kisha akachoka kunisubiri, na simlaumu. Mwezi uliopita nilimpeleka mama hospitali Msambweni, na tulipotoka nikamwomba dereva wa tuktuk atupitishe pale. Ukuta umeshasimama, mrefu, na minazi imekatwa. Nikashuka nikasoma fatiha nimeuelekea ukuta. Mama naye akashuka, akainua mikono yake, akaniuliza ni nani aliyezikwa mle ndani.

"Ni baba yangu," nikamwambia.

Akanishika bega. "Pole, mwanangu," akasema. "Mamako yu hai?"