Neno la Getini

Wiki iliyopita nilirudi Queensburgh. Kazini walinituma Durban kwa siku mbili, shughuli zao zikaisha mapema, nikajikuta nimekodi gari dogo na kupanda barabara ya kuelekea Pinetown huku moyo ukinienda mbio kama wa mwizi. Gereji aliyofanyia kazi baba haipo tena. Pale pana duka la vigae, lenye geti jipya la umeme na mlinzi mpole. Nikaingia, nikajifanya natafuta vigae vya bafuni, kumbe macho yangu yanatafuta doa la mafuta sakafuni. Sikuliona.

Nina kovu kwenye shavu la mguu wa kulia, refu kama kidole. Watu wakiniuliza huwa nawaambia ni chai ya moto. Wewe nitakuambia ukweli, maana tumejuana siku nyingi na najua hutanipa huruma za kijinga. Kovu hili nililipata kwa gari la mbio la Kimarekani, nikiwa na miaka kumi, mwishoni mwa miaka ya tisini.

Tulikuwa tunakaa South Beach, karibu na ufukwe wa Durban, ghorofa ya sita, familia tatu katika fleti moja iliyogawanywa kwa mapazia. Asubuhi palinuka ndakala wa kukaanga, wale samaki wadogo wakavu ambao majirani wa chini waliwachukia na sisi tuliwalia kwa furaha zaidi kwa sababu hiyo. Mama alisuka watu nywele Warwick Junction, kwenye kelele za wapiga debe na wabeba mizigo, akirudi vidole vimemvimba. Baba, aliyekuwa fundi wa malori ya mgodini kule kwetu Lubumbashi, Kongo, alivaa koti la rangi ya chungwa na kulinda magari ya watu ufukweni. Kazi yenyewe ni kusimama juani, kumwashiria mtu arudi nyuma, na kusema asante hata kama hujapewa kitu. Alilichukia lile koti. Akifika ngazi ya kwanza ya ghorofa alilivua, akalikunja, akalisukumia chini ya shati, asije akaingia nalo ndani tukamwona.

Mimi nilikuwa mkorofi, sikufichi. Shuleni waliniita kwerekwere, jina wanalowabandika Waafrika wageni, na mimi sikujibu kwa maneno. Nilimng'oa jino msichana mmoja, nikavunjwa kidole na kaka yake, nikarudi nyumbani nimechanika sare na nimeshiba. Ndiyo, nimeshiba. Kupigana kulinipa raha kuliko chakula. Mama alikuwa akinipaka mafuta kwenye vidonda na kusema, "Weye mutoto, mikono yako inasikiaka mbele ya masikio."

Basi siku moja Mmarekani alizimika ufukweni, mbele ya baba. Mmarekani ndilo jina tulilolipa lile gari. Mwenye gari alikuwa daktari wa meno, Mzungu mmoja mwekundu wa jua, naye alilipiga teke gurudumu na kutukana. Baba aliinamisha sikio wakati daktari anajaribu kuliwasha, akamwambia kwa Kiingereza chake cha kuungaunga kwamba silinda mbili zimelala. Akafungua boneti, ile pua ya gari, akashika waya mmoja, akasema jaribu sasa. Gari likanguruma mpaka njiwa wakaruka.

Wiki ileile baba akapelekwa kwenye gereji ya Queensburgh, ambako daktari alikuwa analitengeneza gari lake kwa ajili ya maonyesho ya magari adimu. Bosi wa gereji alimpa masharti mbele ya mafundi wote. Atafanya kazi kwa majaribio. Mmarekani akifika kwenye maonyesho mzima, bila mkwaruzo, baba anaajiriwa moja kwa moja. Asipofika mzima, arudi kwenye koti lake. Nyumbani sote tuliyajua masharti hayo, hadi watoto wa mapazia mengine.

Sasa ngoja nikueleze gari lenyewe, maana magari kama yale huyaoni. Baba alisema kiwandani kwao hawayatengenezi mengi, yanaunganishwa kwa mikono, moja moja. Pua ilikuwa ndefu kiasi kwamba dereva amekaa karibu na gurudumu la nyuma. Ndani ya pua kulikuwa na injini ya silinda kumi, lita nane, na baba, aliyezoea malori ya mgodi, alisema hii ni injini ya lori iliyovalishwa suti. Paa hakuna, ila kipande cha turubai. Vioo vya mlangoni hakuna, ila plastiki ya zipu. Kwa nje mlango hauna kishikio. Unaingiza mkono ndani ndipo unavuta. Bomba za moshi hazikwenda nyuma kama za magari ya watu wenye akili, zilipita ubavuni, chini ya mlango, na zilichoma. Siku ya kwanza fundi wa rangi alishuka vibaya na ngozi ya kifundo cha mguu ikabaki pale. Harufu ile ilikaa gereji nzima mpaka jioni.

Na mwendo wake! Nilifungwa mkanda kiti cha kulia, baba akasema shikilia, halafu kitu kikanipiga mgongoni. Hilo lilikuwa gari linaondoka. Nilihesabu moja, mbili, tatu, nne, na kabla sijasema tano mshale ulikuwa umepita mia. Matairi ya nyuma yalilia, sehemu ya nyuma ikataka kupita mbele, baba akaukata usukani huku na huku kama anayepigana na ng'ombe. Breki zake hazikuwa na ule utaalamu wa kuzuia magurudumu yasigande. Ukizikanyaga kwa hofu unateleza mpaka kwenye ukuta. "Hii gari haisaidiake mutu," baba aliniambia, jasho linamtoka. "Ukikosea, nayo inakosea pamoja na weye." Mimi nilicheka hadi nikalia. Nililipenda kwa sababu lilikuwa na hasira kama mimi.

Kilichompa baba nafasi ile si ufundi tu. Usukani wa Mmarekani ulikuwa upande wa kushoto, kama magari ya kwetu Kongo. Bosi alijaribu kuliendesha akakwaruza nguzo, asirudie tena. Baba mikono yake ilikuwa nyumbani pale. Ila iko shida moja: kwetu usukani wa kushoto unakwenda na upande wa kulia wa barabara, na hapa watu wanapita kushoto. Kwenye gari la bosi, lenye usukani wa kulia, baba hakukosea hata siku moja. Lakini akikaa kwenye kile kiti cha kwao, mwili ulijiona Lubumbashi. Mara mbili alitoka getini akashika kulia, na mara mbili Mungu alikuwa amesafisha barabara.

Kwa hiyo tukaweka desturi. Ilikuwa likizo ya baridi, na mama hakutaka niachwe fletini nikaue mtu, nikawa nakwenda na baba kila siku. Alinikalisha kwenye kiti cha pembeni, akanishika kidevu.

"Nikisimamaka pa geti, utaniangalia, utasema 'kushoto'. Hata nikikasirika, hata nikikwambia nyamaza, weye sema tu. Umesikia?"

"Ndiyo, papa."

Tangu siku hiyo hakutoka bila neno. Alifika getini, akasimama, akanigeukia. Mimi nikasema, "Kushoto, papa." Yeye akajibu, "Kushoto," tukaenda. Mafundi walitucheka. Bosi alisema sisi ni kama padri na mtumishi wake, na mimi nilijiona padri.

Aliyekuwa hacheki ni fundi wa bodi. Huyu alikuwa Mzulu, mtu mzima, mabega mapana, na kwa miaka mingi nyundo yake ndiyo ilikuwa muziki wa gereji. Alinyoosha bati mpaka usijue liligongwa wapi. Lakini bodi ya Mmarekani haikuwa bati, ilikuwa faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo. Aligonga mara moja karibu na taa, ikapasuka kama sahani. Bosi alimrushia spana iliyompata kwenye taya, mbele yetu wote, damu ikadondokea kwenye ovaroli. Kisha kazi ya bodi akapewa baba, ambaye alikuwa hajui faiba ila alikuwa na subira ya kupiga msasa kwa mkono siku nzima. Nilimwona fundi wa bodi akimtazama baba huku amejishika taya. Saa ya chakula baba alimkatia nusu ya bani lake, ule mkate uliochimbwa na kujazwa mchuzi wa maharage. Yule mtu akaupiga teke. Mimi nikaokota jiwe, na baba akanifumbua vidole kimoja kimoja mpaka likaanguka.

Ijumaa, siku mbili kabla ya maonyesho, bosi akamfukuza fundi wa bodi. Alimwambia wazi kwamba nafasi ni moja na amempa Mkongomani.

Jumamosi adhuhuri gereji ilikuwa imebaki na sisi wawili. Bosi alikuwa ametoka, geti liko wazi. Mmarekani alishapigwa rangi, anang'aa, na baba ameketi ndani akisikiliza injini kwa mara ya mwisho, mimi pembeni yake nimeshafunga mkanda. Fundi wa bodi aliingia na wadogo zake wawili. Wale walishika fimbo, yeye ana nyundo yake.

"Phuma!" alifoka, yaani toka.

Baba aliinua mikono. "Ndugu yangu, tafadhali," akasema. Fimbo ya kwanza ilimpata begani, ya pili sikioni. Hapo ndipo nilipolijua vizuri gari lile. Hakuna paa la kukukinga, hakuna kioo cha kupandisha. Unakaa pale kama mzigo kwenye toroli na mtu anakupiga atakavyo. Mmoja alimkamata baba ukosi kumtoa nje kupitia juu ya mlango. Nikafungua mkanda, nikasimama kwenye kiti, nikauma ule mkono. Nilihisi ngozi inaachia. Alipiga yowe, akaachia, na baba akakanyaga mafuta.

Tuliruka. Moshi wa matairi ukawafunika. Na mimi, rafiki yangu, nikageuka nyuma, nimepiga magoti kwenye kiti, nikawatemea mate na kuwatukana kwa Kifaransa, kwa Kizulu na kwa Kiswahili, damu ya mtu mdomoni mwangu. Nilifurahi. Sijawahi kufurahi vile maishani.

Getini gari lilipunguza mwendo. Hilo nalikumbuka kuliko yote. Wanatukimbilia na nyundo, damu inamtoka sikioni, na bado baba alipunguza mwendo, akageuza uso upande wangu. Nililiona kwa pembe ya jicho. Alikuwa anangoja. Mimi nilikuwa katikati ya tusi.

Akashika kulia.

Lori la matofali lilikuja upande wake halali. Sikumbuki mlio, nakumbuka vumbi la faiba likituingia puani na ile pua ndefu haipo. Usukani ulikuwa umemlalia baba kifuani. Mimi nilipanda mlango ili nitoroke, nikakwama, mguu mmoja umenaswa na mkanda ndani, mwingine nje, na ule wa nje ulilala juu ya bomba. Watu walijaa. Wakapapasa mlango wote kutafuta kishikio, wananivuta, wanapiga kelele, na mimi nasikia nyama yangu inakaangika.

Aliyekuja kuwasukuma wote ni fundi wa bodi. Alitupa nyundo, akaingiza mkono ndani, akavuta. Mlango ukafunguka nami juu yake, mguu ukaachana na bomba. Alinibeba, akavua shati, akalilowesha kwa maji ya dereva wa lori, akanifunga mguu taratibu. Kisha akazunguka upande wa pili na kumpiga baba ngumi moja ya mdomo, vilevile alivyobanwa na usukani. Halafu akakaa chini kwenye ukingo wa barabara akalia kama mtoto. Sijajua mpaka leo nimchukie kiasi gani.

Baba alivunjika mbavu tatu na goti. Daktari wa meno alifika, akalizunguka gari lake mara nyingi, kwetu hakuangalia. Lile koti la rangi ya chungwa lilitoka chini ya godoro, na baba akalivaa tena, mwaka baada ya mwaka, akichechemea kati ya magari ya South Beach, akiwaelekeza watu kurudi nyuma. Hakushika usukani tena. Na hakulificha tena koti. Aliingia nalo mpaka mezani.

Ile siku ya kutoka hospitali mama alimuuliza, mimi nikiwa nyuma ya pazia na mguu wangu umefungwa.

"Na mutoto? Alisema kushoto?"

"Alisema," baba akajibu. "Alisema muzuri sana. Miye ndiye sikusikia."

Alilirudia hilo kwa kila aliyeuliza, hadi anazikwa. Sikumwambia kwamba nilijua kuwa anajua. Kila mwaka nilijipa moyo kwamba nitamwambia Krismasi, Pasaka, akipona kikohozi. Sasa gereji haipo, nyundo haipo, Mmarekani sijui alikatwa vipande wapi, na mtu pekee niliyekuwa na deni la neno moja kwake yuko makaburini.

Mlinzi wa duka la vigae alinifungulia geti lake la umeme. Nikafika pale pale, nikasimama. Nikatazama kiti cha pembeni, hakuna mtu.

"Kushoto, papa," nikasema.

Nyuma yangu mtu akapiga honi, tena na tena, na mimi nilikuwa bado nimesimama.