Kuwachunguza Wakwe wa Chang'ombe

Sikwenda Dar es Salaam kutembea. Nilipelekwa, na aliyenipeleka ni kaka yangu Athumani, kwa ajili ya binti yake Zuhura. Kijana mmoja wa Tanganyika, Hamisi, fundi seremala, alikuwa amekuja Mombasa kufanya kazi gatini. Akamwona Zuhura, akaleta posa, kisha akarudi kwao kungoja jibu. Kijana mwenyewe alitupendeza, lakini watu wake hatukuwajua, na mtoto hatupwi nchi ya watu vivi hivi.

"Wewe ndiwe shangazi yake," kaka akaniambia. "Nenda ukakae nao. Mgeni siku ya kwanza hutandikiwa busati jipya. Wewe kaa mpaka wachoke kulitandika. Ukirudi ukisema ndiyo, ni ndiyo. Ukisema la, ni la."

Jioni ile Zuhura alikuja kunikanda miguu bila kuombwa. Mtoto alikuwa akimtaka yule kijana, hata kipofu angeona.

Tuling'oa nanga Kilindini, tukapitia Tanga na Unguja. Nilikaa sitahani juu ya mkeka wangu, na meli ilinitapisha mpaka nikamlaani kaka yangu, na posa, na aliyebuni meli. Niliapa kwamba wakwe hao wakiwa na kasoro hata ya ukucha, nitasema la.

Dar es Salaam tuliingia asubuhi. Hamisi alikuwa bandarini na mkokoteni wa mizigo. Akaniamkia shikamoo, akanichukulia hata mwavuli, tukaandamana mpaka Chang'ombe, mchanga ukinijaa viatuni. Mji ulivyozidi kuwa nyuma yetu ndivyo minazi ilivyozidi na nyumba zilivyopungua. Nikawaza, huku ndiko wanakotaka kumleta mtoto wetu?

Nyumbani kwao tulipokewa na mama yake, Bi Mwajuma, Mzaramo, mjane, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Nyumba ilikuwa ya udongo, paa la makuti, vyumba viwili viwili kila upande wa ukumbi, na ua mpana nyuma. Chumba kimoja kilipangwa na mwalimu Mkristo kutoka bara na mkewe, Mama Yohana.

Siku za mwanzo nilikuwa mwanafunzi, na umri wangu huu. Nilijifunza kwamba bombani huendi umevaa vizuri, unakwenda na kiwiko kikali. Nilijifunza kula kisamvu kilichotwangwa kikaungwa kwa nazi, nami niliyazoea majani yale kwa kuyaona shambani tu. Lo, nilikula mpaka nikaona haya! Nilistaajabu zaidi ulipoandama mwezi wa Ramadhani. Jua likizama, Mama Yohana, ambaye hafungi, alituletea bakuli la uji wa ulezi tufuturie. Nikamwuliza Bi Mwajuma kama ndiyo desturi. "Sie hapa tunakaa hivi hivi," akasema. "Krismasi mie humpelekea mchele."

Kwa hiyo ilipopita Idi, moyo wangu ulikuwa umekwisha kusema ndiyo. Nilibakiza kuaga tu.

Siku ya tatu kabla ya meli yangu, asubuhi, nilikuwa uani naosha vyombo, Bi Mwajuma anapepeta mchele. Mara akaingia mwanamume, mzee wa makamo, muuza mkaa, mweusi wa mkaa mpaka kope. Hakupiga hodi. Akapita ukumbini kama nyumba ni yake, akasimama mbele ya mjane wa watu, akasema:

"Mwajuma, mchawi wewe! Bado hujafa?"

Nikatazamia Bi Mwajuma apige kelele. Hakupiga. "Nikifa, njaa itakumaliza, fisi wewe," akajibu, wala hakuacha kupepeta. Yule bwana akainama, akamkamata kuku wa Bi Mwajuma, akamtia kwapani, akaanza kutoka naye.

Damu ilinipanda. Mwanamume kuingia kwa mjane bila hodi, kumtukana, kuchukua mali, na mwenye nyumba anaendelea kupepeta! Hapa pana mambo, nikasema moyoni. Ama huyu ni hawara yake, ama wameifanya nyumba hii jaa la kila mpita njia. Na mtoto wetu ndiye aletwe humu? La. La kabisa. Uso wa Zuhura ukanijia, na uchungu ukanizidi.

Yule bwana akanigeukia mimi. "Na hili pipa la Mombasa, limeteremshwa na winchi?"

Sikujua mkono wangu ulifanya nini. Nilichokiona ni beseni tupu mikononi mwangu, na maji ya vyombo yanamchuruzika yeye na kuku wake.

Mama Yohana alisimama mlangoni, mkono kinywani. Nikajua nimeharibu: nimemmwagia mtu mzima maji machafu ndani ya nyumba ya watu. Sasa hata nikisema ndiyo, wao watasema la.

Yule bwana akajipangusa macho. "Mwajuma," akasema, "huyu hamtamrudisha kwao. Huyu ni mtani kamili!" Akaangua kicheko, na Bi Mwajuma akaangusha ungo kwa kucheka, mchele ukamwagika wote.

Ndipo nilipoelezwa. Mzee huyo aliitwa Maganga, Mnyamwezi. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani, babu za Wanyamwezi walipokuwa wakipita kwa Wazaramo na mizigo kuja pwani. Mtani haingii kwa hodi, hakasirikiwi, na akichukua kitu, hadaiwi.

"Utani kwetu ni wa binamu, na wa babu na mjukuu," nikasema. "Huu wa kabila na kabila siujui. Unafaa nini, dada, zaidi ya kumaliza kuku?"

Bi Mwajuma aliacha kucheka. "Alipokufa baba yake Hamisi," akasema, "mie sikulia. Wala sikula. Walinibembeleza wakachoka. Huyu Maganga akaja, akavaa kanzu ya marehemu na kofia yake, akasimama mlangoni akiburuta mguu kama yeye. Akasema kwa sauti ya marehemu hasa: 'Mwajuma, chakula gani hiki kimepoa?' Nikacheka, dada. Nikacheka, kisha nikalia mpaka nikaishiwa nguvu. Kisha nikala."

Mzee Maganga alikuwa akitazama chini, akimfuta kuku maji. Mimi nilikaa juu ya kinu, na nasema kweli, nilishusha pumzi niliyokuwa nimeibana tangu Kilindini.

Safari ya kurudi bahari ilitulia, ama ni mimi niliyetulia. Nyumbani walinikalisha kabla sijavua buibui. Zuhura alikuwa kando ya mlango, ameshika ufagio ambao haufagii. Kaka akauliza: "Haya, nyumba ile ina heshima?"

"Nyumba ile mtu huingia bila hodi," nikasema, "akakuita mchawi, akaondoka na kuku wako." Kaka akakunja uso. "Ngoja nimalize. Mimi na wewe tutakufa, Athumani. Siku Zuhura atakapofiwa huko, mbali na sisi, pana mtu atakayemfanya ale."

Kaka alijifuta uso kwa pindo la buibui langu, akageuka mlangoni.

"Weka ufagio, mwanangu," akasema. "Umeolewa."