Kinyozi Aliyemwamkia Mama

Kinyozi wa mtaa ninaoishi huku ugenini ni mzee mwenye mvi kichwa kizima, na kwa sababu ya baridi huupasha mkasi joto kiganjani kabla haujagusa shingo ya mtu. Kichwa changu hukigeuza kwa vidole viwili tu, akinong'ona kwa lugha yao ambayo bado naiokoteza. Juzi mama alinipigia simu nikiwa kitini, nikaweka sauti ya wazi. Kila mama aliposema, mkasi ulinyamaza. Nilipojibu mimi, uliendelea. Nikajiuliza anasikiliza nini, maana haelewi hata neno. Mwishowe akaniuliza, "Mama yako anaamkiwaje?" Nikamfundisha. Akafuta mikono, akainamia simu, akasema taratibu, "Shi-ka-moo." Mama, ambaye kwa umri angeweza kuwa binti yake, hakusita: "Marahaba, mwanangu. Umeshakula?"

Nilicheka hadi nywele zikaniingia mdomoni. "Amesemaje?" akauliza. Nikamtafsiria yote, pamoja na hilo la mwanangu. Yeye hakucheka. Alisimama na kitana mkononi, akaniangalia kupitia kioo. "Mwambie bado," alisema. "Halafu mwombe aniulize tena."