Zipu iko mgongoni na mama mkwe yuko sebuleni

Jamani, mwanaume yeyote aliye karibu na Mtanda aje kwangu sasa hivi.

Nimepata kazi ya kuzamia kwenye bahari ya baridi huko ng'ambo. Bosi kanitumia nguo mbili za kuzamia zisizopitisha maji, nichague moja. Nikaanza na yenye joto zaidi.

Joto lipo. Natota jasho.

Zipu iko mgongoni, mkono haufiki. Mke wangu aliyenifungia kaenda sokoni, simu kaiacha mezani.

Mara akaingia mama mkwe, katokea Njinjo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona umevaa hivyo?"

Ndani nina chupi tu. Nitamwambiaje mkwe anifungue?

Nikasema nasikia baridi.

Sasa kanifunika blanketi, ananichemshia chai ya tangawizi.