Maharagwe Yasiyojua Chini

Nilipokuwa kidato cha tatu huko Meru, mwalimu wetu wa biolojia alitueleza kwamba wataalamu walikuwa wakijaribu kukuza mboga ndani ya vyombo vya angani, ili wasafiri wa huko wasiishi kwa chakula cha kubanwa kama dawa ya meno. Shida, alisema, ni kwamba huko hakuna chini. Mzizi haujui uelekee wapi.

Nilitaka kuonyesha jambo hilo kwenye mashindano ya sayansi kule Embu. Gari la shule lilikuwa na nafasi moja iliyobaki, na mwenzangu aliyetengeneza sabuni kwa majivu aliitaka pia.

"Jumatatu jioni nitapita kwenu," mwalimu aliniambia. "Nikikuta mizizi imepotea njia, utaenda. Nikikuta imeshuka kama ya kila mtu, itaenda sabuni."

Mbegu ikizungushwa polepole bila kukoma, kila upande huwa chini kwa muda mfupi, na mwishowe hakuna upande ulio chini. Nilichukua gurudumu la baiskeli kuukuu, nikafunga vipande vya debe ukingoni ili maji yalisukume, nikalisimamisha kwenye mfereji ulioleta maji shambani. Karibu na kitovu nilifunga chupa ya jemu. Ndani yake maharagwe matano niliyokuwa nimeyaloweka yalibanwa kati ya pamba mbichi na kioo. Chupa nyingine niliiacha dirishani, isizunguke.

Lakini mfereji ulikuwa wa zamu. Sisi tulipata maji Jumatano hadi Ijumaa. Jumamosi yaligeuzwa kwenda kwa jirani yetu, nyanya mjane aliyeishi ng'ambo ya migomba. Nilimwendea kuomba gurudumu lihamie kwake.

"Hii maji ikizungusha hiyo kitu yako, itafika kwa viazi yangu ikiwa imechoka," alisema.

"Haipungui, nyanya. Inapita tu."

"Na hao watu wa huko juu, wako na ng'ombe?"

"Hawana."

"Sasa mbolea watatoa wapi?" Alicheka mpaka akashika kiuno. "Lete. Lakini weka mahali naweza kuiona."

Jumapili, baada ya ibada, alinishika mkono nje ya kanisa. "Ile gurudumu nimetoa kwa maji asubuhi. Nimeegemeza kwa mgomba, nikafunika na jani isichomwe na jua."

Nilimuuliza kwa nini.

"Leo ni Jumapili. Hata punda wangu habebi kitu leo. Maharagwe yako ni nani?"

"Nyanya, ikisimama siku nzima mizizi itashuka."

"Wacha ishuke. Kesho itarudi kazi."

Shamba lilikuwa lake, na sikuthubutu kubishana naye mbele ya akina mama wa kanisa. Nilipita kwake nikakuta jani limefungwa juu ya chupa vizuri kama kitambaa cha kichwa. Jumatatu alfajiri nilirudisha gurudumu majini, nikaenda shule nikiwa moyoni nimekwisha kumkabidhi mwenye sabuni nafasi yangu.

Mwalimu alipofika jioni, nyanya naye alikuja na jembe lake begani kutazama. Nilimpa mwalimu chupa. Kila mzizi ulianza kwa kujipinda huku na huku, kisha ukanyooka kuelekea upande mmoja, upana wa kidole hivi, halafu ncha ikaanza kuyumba tena. Yote mitano ilikuwa vilevile.

"Hapa kulitokea nini?" aliuliza, kidole kikiwa kwenye ile sehemu iliyonyooka.

"Hiyo ni Jumapili, mwalimu."

"Mimi ndio nilisimamisha," nyanya alisema, bila dalili ya kuomba radhi.

Mwalimu alitoa rula akapima, akachora mzizi kwenye daftari lake, akapima tena. "Wewe ulitaka kuonyesha kwamba mzizi hupotea," aliniambia. "Huyu mama ameonyesha kwamba ukirudishiwa chini, unaitambua siku hiyohiyo. Bila yeye hungekuwa na nusu ya pili." Akamgeukia. "Umemsaidia sana, nyanya."

"Mimi nilienda kanisa tu."

Nilipanda gari. Kule Embu bango langu lilikuwa na mchoro wa mzizi mmoja mrefu, umeandikwa siku pembeni, na waamuzi walisimama muda mrefu zaidi kwenye Jumapili. Tulitoka wa pili. Nilipompelekea nyanya habari hizo, aliuliza kama yule aliyetoka wa kwanza alikuwa amepumzika.