Deo, mafuta yako iko bado kwa pikipiki yangu

Leo siku ya ine na kichwa yangu inakataa. Wanasema Deo amekufa. Deo gani? Deo wetu? Yule alipakwa mafuta mara tatu, akainuka mara tatu?

Wenye hamumujui: Deo alikuwa musomaji wa Misa parokiani kwetu, hapa Kalemie. Alizaliwa na SS, ule ugonjwa wa damu. Siku ya baridi mifupa inamuuma kama inapondwa kwenye kinu.

Mimi ni Turbo, taximan. Mimi sina haja ya kujieleza. Ile pikipiki yenye kung'aa kupita zote za mji huu ndiyo yangu.

Krizi ya maumivu ikizidi, mama yake ananipigia simu: "Turbo, leta padri." Sio taxi ingine. Mimi. Dakika kumi na mbili, na mashimo yote ndani. Padri alikuwa anashuka, anafanya ishara ya musalaba kwanza kwa ajili yake mwenyewe.

Mara ya kwanza ilikuwa aibu. Padri alishuka na stola, kile kitambaa cha ibada, shingoni, kichupa cha mafuta mukononi. Mama Furaha, jirani, kuona vile tu, akatupa mwiko: "Yooo! Deo ametuacha!" Kwetu watu wanajua hivyo, padri akileta mafuta ni kuaga. Wamama watano wakaingia na kilio. Baba mumoja alikuwa ameshaenda kuomba viti vya matanga!

Deo akafungua jicho moja. "Nani amekufa?"

"Ni wewe," nikamwambia.

"Basi mwambie Mama Furaha apunguze sauti. Marehemu anaumwa kichwa."

Padri alicheka mpaka akapoteza ukurasa. Kisha akawafundisha wote pale uani: huu ni mpako wa wagonjwa, si wa maiti. Mugonjwa anaupata ili apate nguvu, hata mara nyingi. Mama Furaha akasema ndiyo Padri, lakini macho yake yalisema hapana.

Kwa hiyo mara ya pili na ya tatu nilimuficha Padri. Stola mufukoni, jaketi yangu juu, kofia ya pikipiki mpaka puani. Nilimubeba padri muzima kama muzigo wa magendo!

Na Deo aliinuka. Akishapakwa alikuwa anakataa kunawa. Anakushika na kile kiganja cha mafuta: "Pokea kidogo, wee mupagani." Mupagani wapi? Nimebatizwa! Shida ni Jumapili tu, wateja wanakuwa wengi.

Nikaanza kujisifu pale tunapoegesha: "Padri anabeba mafuta, lakini mwenye kuponyesha ni Turbo." Deo akasikia. Alinikasirikia siku ile moja tu katika maisha yetu.

"Mafuta si garanti ya simu mupya, Turbo. Siombi nisikufe. Naomba nisikuwe peke yangu mule ndani ya maumivu."

Nikamujibu: "Utakuwaje peke yako na ile kelele ya Mama Furaha?" Alicheka. Mimi sikuwa nimeelewa kitu. Mpaka leo nimekwama hapo hapo.

Jumanne iliamka na mvua. Mama yake akapiga. Dakika kumi na moja, sijawahi! Padri yule yule, mafuta yale yale, kwenye paji na kwenye viganja. Deo akanishika mukono. Hakusema mupagani. Alishika tu.

Nikarudisha padri, nikarudi mbio. Mvua ilikuwa imekatika. Mama yake amekaa kando ya kitanda, ananiangalia. "Turbo, mwanangu, sioni akipumua."

Na mimi, na kinywa hiki, nikasema: "Mama, usilie. Ngoja. Huyu anainukaka kila mara."

Akangoja.

Mama wa watu alimeza kilio chake kwa sababu ya mudomo wangu. Mimi nimeshika mukono wa Deo, bado unateleza mafuta, lakini unakuwa baridi. Nje, Mama Furaha anatandaza visamaki vyake vya ndagala juani, anaimba. Safari hii sikuwa na muda wa kumuficha padri; aliona akiingia na hakushituka. Kwa ile mara tatu ya kuinuka, tulikuwa tumemufundisha vizuri. Hakuna mutu alilia. Hata mumoja.

Lisaa lizima hivyo. Kisha Mama Furaha akachungulia mulangoni kuuliza kama Deo atakunywa uji. Akaona. Wala hakupiga yowe. Aliniambia pole pole: "Turbo, acha mama alie."

Makaburini padri aliniambia mafuta ilifanya kazi yake. Kazi gani, Padri? Mara tatu hii, mara ya ine ile? Siulizi kwa kiburi. Niliacha masomo mwaka wa sita wa shule ya musingi, labda hiyo ilikuwa inafundishwa mwaka wa saba.

Jana nilienda kumuomba Mama Deo anisamehe lile lisaa. Aliniuliza kitu kimoja tu.

"Muda wote ule ulikuwa umemushika mukono?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi."

Basi nini? Sijui. Nimezunguka mji muzima na hiyo "basi".

Deo, tangu Jumanne sijaosha pikipiki. Wenzangu wananicheka, "Turbo Matope!" Waache. Gidoni, ule usukani wake, niliishika na mukono ule ule uliokuwa kwenye kiganja chako. Nitaanzia wapi kuosha?

Jumapili nitakuja Misa. Si kwamba nimeelewa, usianze kunicheka. Nitakaa nyuma, karibu na mulango.

Lala, ndugu yangu. Mvua inyeshe inavyotaka, haitakuuma tena. Na siku ya kuinuka mara ya ine, unipigie. Sio taxi ingine. Mimi.